Inasemekana Huliwa

Mama akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, hujibu kwamba napanda mti ndani ya kompyuta. Nilimweleza hivyo mwenyewe siku moja nikiwa na haraka, na sasa siwezi kulirudisha jibu hilo kwa sababu limeshaenea mtaa wetu wote wa Lizaboni, hapa Songea. Mzee mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa aliwahi kuniuliza kama mti huo unahitaji mbolea. Nikamwambia unahitaji umeme na bando, akatikisa kichwa kwa huruma.

Lakini mama hakukosea sana. Kitu chenyewe wataalamu wanakiita ontolojia, neno ambalo sijawahi kulitamka nyumbani kwetu bila kuulizwa kama ni ugonjwa. Ni programu ya kutunzia maarifa. Kila kiumbe, kila kiungo cha kiumbe, kila chakula kina ukurasa wake, na kila ukurasa lazima useme mzazi wake ni nani. Masuku ni aina ya tunda, kokwa ni sehemu ya tunda, tunda ni sehemu ya mmea, na hivyo hivyo mpaka shinani. Kurasa zikishaungana vizuri, mashine inaweza kuulizwa swali ambalo hakuna mtu aliyeliandika jibu lake, nayo ikalijibu. Tawi letu lilikuwa vyakula vya porini na mashambani vya huku kusini. Tulikuwa wawili tu, tumekaa mtaa wa Mjimwema kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la pembejeo, tunanusa mbolea mchana kutwa na kulisha mti. Wakubwa wetu walikuwa mbali, tukiwaona kwenye skrini kila Alhamisi.

Mwenzangu ni mtu wa Iringa, kwa hiyo ni mtani wangu. Babu zetu walichinjana, na sisi wajukuu tumerithi ruhusa ya kutukanana. Mtani anaweza kusema lolote, nawe huna haki ya kununa. Mimi humwambia kwamba kwao mbwa hajawahi kufa kwa uzee. Yeye hujibu kwamba kwetu paka wamekonda kwa sababu wenye nyumba tunawazidi mbio. Tulikuwa tunaanza kazi hivyo kila asubuhi, kabla hata kompyuta hazijawaka.

Nilikuwa nacheka. Lakini alikuwa anagusa kidonda bila kujua.

Kwetu tunakula panya. Si panya wa darini anayetafuna nguo na sabuni. Ni panya wa shambani, anayekula mahindi na karanga, ambaye kwa lugha yetu ya nyumbani ni mbeva. Mavuno yakishaisha na baridi ya Songea ikianza kuuma, watoto tulikuwa tunakwenda mashambani na majembe. Unatafuta shimo lenye udongo mbichi mdomoni, unaziba matundu mengine yote isipokuwa moja, unapuliza moshi, halafu mmoja wenu anakaa kwenye lile tundu lililobaki na kuomba Mungu asitoke nyoka. Huyo aliyekaa kwenye tundu nilikuwa mimi. Nilikuwa nawajua kwa mikia na kwa michirizi ya mgongoni kabla sijajua kusoma. Biolojia yote niliyokuja kuisomea ilianzia pale, nimelala kifudifudi na moshi machoni.

Mama alikuwa anawachemsha kwa chumvi, anawabanika taratibu, kisha anawapanga kwenye uchaga juu ya mafiga wakauke. Nyumba nzima ilinukia. Nilikuwa nawala na kichwa.

Kisha nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni mkoa mwingine. Mama, asiyejua zawadi nyingine kubwa kuliko hiyo, alinijazia kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa mpira na kitambaa safi. Bwenini mwanafunzi mmoja alilifungua akitafuta maziwa. Sijawahi kusikia wavulana wakipiga kelele namna ile. Mmoja alipanda kitandani na viatu. Kopo likapita mkono kwa mkono mpaka jikoni kwa wapishi, watu wakija kutazama, na tangu jioni ile mpaka nilipomaliza shule jina langu lilikuwa Paka. Hata mwalimu wa biolojia, alipofika kwenye somo la wanyama wagugunaji, aliinua macho na kusema, "Paka, hebu tusaidie." Darasa likaanguka kwa kicheko. Nikacheka nao, maana asiyecheka huchekwa mara mbili.

Jina lilikufa. Aibu haikufa. Mpaka leo nikiwa mbele ya wageni na neno panya likatajwa, masikio yananiwaka kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani kwapani. Kila niliporudi nyumbani mama alinipakulia, nami nikamwambia tumbo halitaki. Amekaa miaka yote hii akinionea huruma kwa hilo tumbo.

Sasa, kwenye ule mti wetu kila unachodai lazima ukitolee ushahidi. Ukisema kitu huliwa, programu inakuuliza umejuaje: kitabu, sampuli ya maabara, au mtoa taarifa amekula mwenyewe. Hapo kwenye masuku niliandika jina langu kamili kwa raha zote. Kwenye uyoga vilevile, kwenye majani ya maboga, kwenye kumbikumbi. Nimekula mwenyewe, nimekula mwenyewe, nimekula mwenyewe. Nilipofika kwenye ukurasa wa panya wa shambani vidole vikasita. Nikaandika: "Inasemekana huliwa na baadhi ya jamii."

Baadhi ya jamii. Mama yangu mzazi, aliyekuwa wakati huohuo anapepeta mchele Lizaboni na kuniwazia mema, ndiye niliyemwita baadhi ya jamii.

Kazi zetu tulikuwa tunakaguliana. Mtani aliposoma ukurasa ule alizungusha kiti. "Inasemekana na nani?" akauliza. "Na paka?"

"Nitarekebisha baadaye," nikasema.

Baadaye ikawa ile baadaye inayojulikana.

Huku nyuma mama alikuwa ameshaweka heshima yake rehani. Yumo kwenye kikundi cha kina mama wa Lizaboni wanaowafundisha wazazi wadogo kulisha watoto. Muuguzi wao aliwaambia kwamba kutatoka kijitabu cha vyakula vya huku kwetu, na kwamba kitachukuliwa kutoka kwenye ule mti wa kompyuta. Mama mmoja mgeni wa mji, mwenye sauti, akasema anaomba tu humo wasije wakaweka mambo ya panya, maana hicho ni chakula cha shida, mtu hafundishi watu shida. Wengine wakainama. Mama yangu hakuinama. Alisimama akawaambia kwamba anayeuandika huo mti amemzaa yeye, na mbeva wamo.

Jioni alinipigia simu kuhakikisha. "Baba, umewaandika na mbeva, au?"

"Wamo, mama."

"Kwenye chakula?"

"Kwenye chakula."

Na siku hiyo walikuwemo kweli. Naomba hilo lijulikane.

Tatizo lilitoka mbali. Bwana mmoja upande wa magonjwa, mtu makini asiyetujua, aliongeza kanuni kwenye shina: kilicho chini ya tawi la waharibifu na wabeba maradhi hakiwezi kuwa chini ya tawi la chakula. Kanuni nzuri, iliyoandikwa na mtu anayewaza panya wa dampo. Lakini programu ina mkaguzi wake wa mantiki ambaye hana utani na mtu. Akikuta kitu kimesimama kwenye matawi mawili yanayokatazana, anakipaka rangi nyekundu, yeye na wanawe wote. Asubuhi tukakuta panya wa shambani ni mwekundu, panya mkavu ni mwekundu, mchuzi wa panya mwekundu. Toleo jipya la mti lilikuwa litoke wiki ileile, na toleo haliwezi kutoka likiwa na wekundu ndani.

Mratibu wetu, mama mpole anayeongea polepole ili tumwelewe, akaandika. Alisema yuko tayari kuiwekea kanuni ile mlango, panya wa shambani apite kwenye chakula, lakini anahitaji ushahidi. "Inasemekana" si ushahidi. Je, kati yetu yupo aliyekula, au anayemjua aliyekula? Kama hayupo, Alhamisi kwenye kikao tutamwondoa panya kwenye chakula, abaki mharibifu tu.

Mtani alisoma ujumbe ule akiwa amesimama nyuma yangu. Nikasubiri dhihaka. Haikuja, na hilo likanitisha kuliko dhihaka yenyewe.

"Mwandike mama," akasema kwa upole.

Nilishawaza. Lakini ukimwandika mtoa taarifa lazima useme ana uhusiano gani nawe. Ningelazimika kuandika pale, mbele ya dunia nzima ya watu wa mti, kwamba mla panya ni mama mzazi wa mhariri. Nikamwambia mtani mama yangu hapendi mambo ya kuandikwaandikwa. Mama yangu, ambaye angeweza kuandikwa kwenye ukuta wa soko akashukuru.

Watu husema mkataa kwao ni mtumwa. Ni methali niliyoichukia tangu shule, kwa sababu wanaoipenda zaidi ni wale ambao kwao hakuna cha kuchekwa.

Alhamisi nilimtumia mtani ujumbe kwamba naumwa kichwa, nitaingia kwenye kikao nikiwa nyumbani kwa mama. Kichwa kilikuwa kizima. Sikutaka kukaa bega kwa bega naye swali litakapoulizwa. Nikaweka kompyuta kwenye meza ya sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria, nikasahau kufunga dirisha.

Mama alikuwa uani na jirani yetu. Ulikuwa msimu, mtu wa mtaa wa Bombambili alikuwa amemletea mzigo mzuri kutoka shamba, naye alikuwa anabanika. Kikao kikiwa ndiyo kimeanza, moshi ukaingia sebuleni polepole mpaka nikawa naonekana nusu. Mratibu akaacha alichokuwa anasema. Akauliza kama niko salama, kuna kitu kinaungua?

"Hapana," nikasema. "Ni jirani anachoma takataka."

Nikasimama nikafunga dirisha. Niliporudi kukaa nilimwona mtani kwenye kile kiboksi chake cha skrini, chumba cha Mjimwema nyuma yake, ananitazama. Alijua harufu ambayo skrini haileti. Alishakuja pale nyumbani Jumapili moja baada ya misa, mama akampakulia.

Wakafika kwenye panya. Mratibu akaeleza kanuni, akaeleza mlango, akauliza kwa sauti yake ileile ya taratibu kama yupo kati yetu aliyekula. Nilijiona kwenye skrini. Nilikuwa na uso wa mtu anayefikiria jambo kubwa. Nje, nyuma ya dirisha nililolifunga, mama alikuwa anacheka na jirani kuhusu kitu fulani. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu, nimekula mwenyewe, niliyoyaandika kwenye kumbikumbi bila hata kufikiri. Mdomo ulifunguka. Nikaona bweni, nikaona kopo linapita mkono kwa mkono. Mdomo ukajifunga.

"Sawa," mratibu akasema. "Basi nadhani tu—"

"Mimi nimekula," akasema mtani.

Kiingereza chake si kizuri, na siku hiyo hakukionea haya. Akasema wenyewe wanamwita mbeva. Akasema amekula mbeva nyumbani kwa mama wa mwenzake, hapa Songea, sahani nzima, na angeongezewa angeongeza. Akasema mbeva si chakula cha shida, ni chakula cha mgeni, maana yeye alikuwa mgeni na ndicho alichopewa. Mratibu akafurahi, akauliza hupikwaje. Akajibu hukaangwa. Si kweli; kwa mama hawakaangwi, huchemshwa na kubanikwa. Ningeweza kumsahihisha. Lakini ukimsahihisha mtu namna ya kupika umeshakiri kwamba umekula, kwa hiyo nikaacha hukaangwa iandikwe.

"Na mwenzako?" mratibu akamuuliza, akimaanisha mimi.

"Huyo tumbo lake dhaifu," mtani akasema. "Tangu utotoni."

Hakutabasamu. Huku kwetu mtu akifa, mtani ndiye anayeruhusiwa kuyafanya yale ambayo ndugu hawathubutu, kuingia pale ndugu wanapoona soni, na kumchekesha mfiwa. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilikuwa hai, nimekaa kwenye kiti na shati safi, na mtani ananiosha mbele za watu. Nilitaka ardhi inimeze, halafu nikataka inimeze kwa sababu ya kutaka hivyo.

Mratibu akabonyeza alichobonyeza. Wekundu ukaondoka kwa panya, kwa panya mkavu, kwa mchuzi. Kwenye ukurasa, pale palipokuwa na inasemekana yangu, likakaa jina la mtu wa Iringa: amekula mwenyewe. Mbeva wa Songea wana shahidi, na shahidi wao si mtoto wa Songea. Kikao kikaisha.

Sikupata hata nafasi ya kuinama. Mama aliingia bila kubisha, mikono ina majivu, jirani nyuma yake. Nikamwamkia jirani shikamoo, akaitikia marahaba kwa heshima ambayo hajawahi kunipa.

"Nimekusikia!" mama akasema. "Kizungu sijui, lakini mbeva nimemsikia. Mbeva, mbeva! Nikamwambia mwenzangu huyu, nyamaza, mwanangu anasema."

"Mbele ya wazungu," jirani akasema.

"Mbele ya wazungu! Wengine wakisoma kidogo tu wanaona haya kwao. Huyu wangu kawatamkia." Akanipangusia bega kama lilikuwa na vumbi. Halikuwa na vumbi, yeye ndiye aliyeniachia majivu.

Sauti ya mtani kutoka kwenye kile kispika kibovu cha kompyuta, kupitia dirisha lililofungwa, haina tofauti na yangu. Nilikuwa na muda wa kumwambia. Jirani alikuwa pale, na kesho jirani angekuwa kwenye kikundi, na yule mama mwenye sauti angekuwepo pia. Nikajiambia kwamba kunyamaza kwangu ni kwa ajili ya heshima ya mama. Hata kujidanganya sikujua vizuri.

Wakaleta sahani. Safari hii ningeanzia wapi kusema tumbo, mbele ya furaha ile? Nikachukua mmoja, nikala. Ulikuwa moshi uleule, chumvi ileile, ule ugumu mdogo wa kwanza kabla ya mafuta. Nilikuwa nimesahau kwamba ni chakula kitamu. Nikala wa pili, na machozi yakanitoka, na mama akamwambia jirani ni pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Asubuhi nilipokuwa natoka alinishikisha kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa mpira na kitambaa safi.

"Mpelekee yule mtani wako," akasema. "Mwambie wametoka kwangu. Na wewe umfundishe, baba. Ni kijana mzuri, ila kazi yake kuchekacheka tu. Na yeye ajifunze kusimama mbele za watu aseme kama wewe."

"Sawa, mama."

Nilipanda bodaboda pale barabarani, dereva mtu mzima wa rika langu, koti kubwa la baridi limefungwa mpaka kidevuni. Kopo nikalibana tumboni kati yangu na mgongo wake. Tulipopunguza mwendo kwenye tuta, akageuza shingo na kuvuta pumzi.

"Kaka, umebeba nini humo? Kinanukia."

"Karanga," nikasema.

Akapita tuta, akaongeza mwendo kidogo. Tulikuwa tumeshaingia barabara ya Mjimwema aliposema, bila kugeuka tena, kama mtu anayejisemea:

"Mie nikadhani mbeva. Ningekuomba mmoja."